Saa Inasemaje?

Ghorofa ya pili, juu ya duka la dobi,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 14, jioni.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na salamu kabla sijafika kwenye makosa yangu, maana makosa yapo na yanakuja, usiwe na haraka. U hali gani? Mgongo umekaa sawa? Mara ya mwisho ulisema ukisimama muda mrefu jikoni unakuuma upande wa kushoto, kisha ukabadilisha mazungumzo kama kawaida yako. Safari hii nijibu. Na yale mafua ya kila baridi ikianza, je, yamekuacha?

Sisi huku wazima. Shemeji yako bado anaendesha gari la mikate, anatoka alfajiri na kurudi ananukia mkate wa moto, hata paka wa jirani humfuata mpaka mlangoni. Mimi bado napiga pasi. Mashine ya mvuke iliharibika mwezi uliopita, tukarudia pasi za mkono siku nane nzima, na bega langu la kulia sasa ni la mwanamasumbwi. Mpwa wako ameota urefu ghafla, ananitazama kwa juu. Bado tunamwita Wakili, kwa sababu bado hakubali neno lolote bila kulipinga kwanza.

Barua hii anakuletea mwenzako wa jikoni, yule aliyekuja likizo. Anaondoka Jumatano. Utauliza kwa nini nisikuambie kwenye simu, nawe unapiga kila Jumapili. Nimejaribu, kaka. Jumapili tatu nimejaribu, na kila nikikusikia unacheka nameza maneno. Karatasi haicheki, ndiyo maana nimeikimbilia.

Basi ni hivi. Ile saa uliyomletea Wakili kwa kutimiza miaka kumi na sita, sikumpa.

Uliponiuliza kama ameipenda nilikwambia anaipenda kupita kiasi, na mtoto alikuwa hajaona hata mkanda wake. Nilikudanganya, na naomba radhi. Soma mpaka mwisho kabla hujanikasirikia mimi, Kifungo wako.

Mwenzako alifika nayo akiwa ameivaa mkononi. Alisema ndivyo ulivyomwagiza, isije ikapotea mizigoni. Akaivua pale pale sebuleni, akanikabidhi pamoja na kikaratasi chako. Wakili alikuwa shuleni. Nikaitazama, nikasema nzuri, saa ni saa, nikaitia mfukoni mwa aproni. Kesho yake nikampelekea fundi saa wa hapa kona apunguze pingili za mkanda, maana mkono wa mpwa wako ni mwembamba. Fundi akabana lenzi yake jichoni, akanyamaza. Unamkumbuka huyo fundi anavyopenda kusema? Alinyamaza mpaka nikaogopa. Kisha akaenda kufunga mlango wa kibanda, akarudi, akaninong'oneza bei yake. Nikaomba kiti.

Pingili nikamwambia aziache kwanza. Akaniambia mambo mawili zaidi. Kwanza, saa hii haina betri wala haitaki. "Hii inataka mkono, mama. Inajijaza kwa mkono unaotembea. Ukiilaza siku mbili, inasimama." La pili ndilo lililomchekesha: mishale ilikuwa imewekwa kwa Kiswahili. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mshale mdogo ulikuwa kwenye nne kabisa, si kwenye kumi kama saa nyingine zote zilizokuwa ukutani kwake. "Aliyeirekebisha hii ni mtu wa nyumbani," akasema. "Hataki mtoto ahangaike kugeuza." Nami machozi yakanilengalenga. Nikajiambia, kaka yangu, miaka kumi na moja ughaibuni, bado anahesabu saa kama mama alivyotufundisha.

Lishike hilo la mishale, nitalirudia.

Nikarudi nyumbani na kitu ambacho sikujua nikiweke wapi. Wakili ni mtoto mzuri, lakini ni mtu wa kupoteza, na nasema hivi kwa mapenzi. Mwaka huu peke yake amesahau miavuli miwili kwenye basi, sweta moja maktaba, kikokotoo, na kiatu. Kimoja. Mpaka leo hatujui ilikuwaje akafika nyumbani na kimoja. Sasa mtoto wa namna hiyo nimvishe kitu kilichomfanya fundi afunge mlango? Tena shuleni kwao wameanza kupimana kwa viatu na simu. Yeye mpaka sasa hajali, anacheka nao wote sawasawa, na niliogopa kitu kimoja kinachong'aa kisije kikamfundisha kujali. Na juu ya yote nilikufikiria wewe, umesimama mbele ya majiko ya watu muda gani kwa ajili ya saa hiyo, na mgongo wenyewe ndio huo.

Shemeji yako nilimwambia. Akasema, "Mpe, ni yake. Kama huwezi, irudishe kwa yule mgeni. Lakini usiifiche, mke wangu, kuficha hujui." Nikaificha.

Nikaificha kwenye mkono wangu mwenyewe. Ningeilaza ingesimama, na ile mishale yako ya Kiswahili ingepotea, nami sikuthubutu kuigusa. Basi nikaipandisha karibu na kiwiko, chini ya mkono mrefu wa gauni la kazi, nikapiga pasi nayo wiki tano. Siku ya kuzaliwa ya Wakili ikaja ikapita, nikampa viatu. Vyote viwili.

Nikuambie na hili, kwa kuwa nimeshaanza kutubu: niliipenda. Nilikuwa nakunja mashuka ya watu huku naisikia inatembea kwenye ngozi, nikajiona mtu. Unakumbuka ulivyokuwa unanichorea saa mkononi kwa kalamu ya wino, nami nikakataa kunawa mpaka mama akanisugua kwa dodoki huku nalia? Hiyo ndiyo saa pekee niliyowahi kuvaa kabla ya hii. Kwa hiyo shemeji yako aliponiuliza, "Unamwogopea mtoto, au unajionea raha?" nilimnunia siku nzima, maana alikuwa amepiga penyewe. Nilimwonea mwanangu wivu, kaka. Nilijiuliza kwa nini hukunikumbuka mimi. Basi nimelisema, nimelitua.

Sasa Jumapili iliyopita ukapiga simu, mikono yangu imejaa povu, akapokea Wakili. Ukamwuliza, "Saa inasemaje?" Mtoto akatazama ukutani, akakujibu kwa adabu zake zote, "Saa kumi na mbili na robo, mjomba." Ukaangua kicheko mpaka nikakusikia kutoka jikoni. Ulidhani anaringa nayo! Yeye akabaki ananishangaa. "Mama, mjomba anapiga simu toka kote huko kuniuliza saa? Kwani kwao hakuna?" Nikajitia hamnazo, nikaendelea kusugua sufuria lililokwisha takata. Lakini unamjua, neno halimpiti. Wiki nzima akawa ananitupia jicho.

Ndipo nikaamua irudi kwako. Jumatano hii mgeni aondoke nayo, nami nikuandikie uongo mwingine wa kufunika ule wa kwanza. Hata bahasha nilikwisha nunua.

Jana asubuhi akaja dukani kunisaidia kukunja. Mvuke ulikuwa mkali, nikasahau, nikapandisha mikono ya gauni. Akasimama na shuka mkononi, macho kwenye kiwiko changu. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamweleza yote mbele ya kapu la mashati, nikamtolea na kikaratasi chako. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alikunja shuka lake mpaka mwisho, akaliweka juu ya mengine, akauliza, "Uliogopa nitaipoteza?"

Nikasema ndiyo.

"Ni kweli napoteza vitu," akasema. "Lakini hukuniuliza, mama."

Machozi yalikuwa yamemjaa. Nikamwomba msamaha, mimi mama yake, na sikuona aibu kuomba.

Nikaivua, nikampa. Ili kumchangamsha nikamwambia tazama mjomba wako alivyokufikiria, sasa hivi ni saa nne, na mshale uko kwenye nne, kakuwekea Kiswahili. Akaitazama sana. Akahesabu kwa vidole. Akaniuliza wewe unaanza kazi saa ngapi. Nikamwambia si unajua, saa kumi na mbili asubuhi ya huko, na huku inakuwa saa sita mchana. Akahesabu tena, kisha akaanza kucheka na machozi bado yako mashavuni.

"Mama, mjomba hajaiweka Kiswahili. Hajaigusa kabisa! Hii ni saa ya kwake."

Akanieleza pole pole kama mteja wake asiyejua sheria. Huko mko nyuma yetu kwa saa sita. Huku ikiwa saa nne asubuhi, huko ni saa kumi alfajiri, na saa za ukutani kwenu zinaonyesha nne. Mwenzako aliivaa akapanda nayo ndege bila kuisogeza, akaivua sebuleni kwetu, nami nikaivaa bila kuisogeza. Kwa hiyo wiki tano zote nilikuwa natembea na saa ya jikoni kwako, naisoma kama yangu, na kila nilipoisoma ilikuwa kweli. Mshale ukifika sita, sisi tunafungua vyombo vya chakula cha mchana na wewe unafunga aproni. Ukifika kumi na mbili, sisi tunawasha taa na wewe unakaa kupumzisha mgongo na kutupigia simu.

Nilikaa kwenye kapu la mashati, kaka. Nilifurahi, nikacheka naye.

Fundi saa tumekwenda kumweleza na hakubali. Anashikilia kwamba ulipanga. Wakili anasema hukupanga chochote, wewe hujawahi kupanga kitu. Niandikie ukweli, na usipoandika pia sawa, maana majibu yote mawili nayapenda.

Sasa uamuzi. Hukumu ilitolewa jana mezani, Wakili akiwa hakimu na baba yake shahidi. Saa ni yake. Shuleni haendi nayo, si kwa sababu ya kuogopa wezi, kasema, bali kwa kuwa mkono wake darasani hauendi popote, na mkono wa mama haulali. Basi asubuhi ananikabidhi, napiga pasi nayo, na akirudi namkabidhi. Atakayekwenda kuoga aseme kwanza ameiweka wapi. Kile kifunguo cha pembeni cha kusogeza mishale hakuna wa kukigusa, hata fundi. Shemeji yako akauliza yeye anapewa zamu gani. Akaambiwa mkono wake kazi yake kushika usukani, hauwezi kujaza kitu. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Leo ameivaa tangu alipoamka. Nimemchunguza kama imempandisha mabega. Bado. Amefua soksi zake, ameivua kwanza na kuiweka ndani ya kikombe, na alipomaliza aliikumbuka bila kukumbushwa. Sisemi kwamba hatawahi kuisahau mahali. Nasema tu kwamba nimeacha kuogopa.

Kwa hiyo mwenzako anarudi na barua hii na sweta moja nililokufumia. Saa hairudi.

Mama mdogo anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua lakini ulimi uko vile vile, anauliza utaoa lini, nimemwambia akuulize mwenyewe. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija atakuwekea mkate wa kwanza kutoka tanuri. Wakili anasema shikamoo mjomba, na asante, na anaomba umsamehe kwa lile jibu la simu. Nasi tunakuomba umsalimie yule jirani yako anayekugongea mlango ukichelewa kuamka.

Mungu akulinde na moto wa majiko hayo, akutie nguvu mgongoni, akuzungushie watu wema. Na siku atakayokurudisha kwetu, hiyo saa haitahitaji kusogezwa hata kidogo.

Nilikuwa nakunja karatasi nikamwuliza Wakili, amekaa hapa pembeni yangu, "Saa inasemaje?"

Akausogeza mkono dirishani kwenye mwanga. "Ya kwetu au ya mjomba?"

Nikamwambia zote.

"Kumi na moja," akasema.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Kifungo