Kanga Niliyompelekea Odeta

Bugarama, Jumanne usiku

Uso wa Odeta niliuficha kwenye video. Hata sauti yake niliibadilisha.

Safari zote nilizovuka kwenda Burundi nilipeleka sabuni na nguo za msaada tu, nikarudi kimya. Safari hii nilimrekodi Odeta akieleza walivyonyang'anywa shamba, nikairusha video mtandaoni. Nikajiona mwanaharakati!

Leo dada yake, Mama Restituta, mwenyeji wangu hapa, kaiona. Akaniuliza, "Kanga aliyovaa, si ndiyo uliyompelekea wewe?"

Ndiyo. Niliitoa dukani kwa baba, Biharamulo.

"Kijijini kwao hakuna mwingine mwenye kanga hiyo. Wote wanaijua."

Nimeifuta video. Lakini watu walishaisambaza, na wale waliochukua shamba...

Naogopa. Chumba cha pili Mama Restituta anampigia tena Odeta. Hapatikani.