Mashini ya Upepo ya Wamaza

Bibi yangu, jambo. Vumbi la pikipiki lingali katika meno, lakini nimefika kwenu Wamaza muzima.

Kwanza niliuliza iko wapi ile mashini ya upepo ya kusaga muhogo, uliyokuwa unatusimulia. Hakuna hata musumari! Mama Furaha, mwenyeji wangu, akaguna: "Ile? Wazee walikataa iwekwe kilimani. Walitaka wageni waione pale wanapopokelewa, huku bondeni, na huku upepo haupiti. Siku ya sherehe ya kuizindua vijana waliizungusha na mikono, sisi tukapiga vigelegele. Kesho yake tukarudia vinu vyetu."

"Na vyuma vyake?"

"Watu wa Nyangwe waliiba," akajibu bila haya, huku akikaanga samaki juu ya bawa la mashini, rangi ya bluu bado iko pembeni. Jirani amefungia kuku na bawa lingine. Kanisani wanagonga gurudumu lake kama kengele. Kijiji kizima kinalaani wezi wa Nyangwe, midomo imejaa samaki.

Nilicheka mpaka nikapaliwa na mwiba. Halafu nikakumbuka kifuniko cha chungu chako, kile cha bluu, kilichopindika, ulichokuja nacho Kasongo ulipoolewa. Na wewe unawalaani watu wa Nyangwe kila jioni, ukikifunua!

Ubaki salama, mwizi wangu mupenzi. Uniwekee chakula, bukari na mboga ya sombe, lakini upepo ukivuma, ukishike kifuniko kwa nguvu, kisije kikakumbuka kazi yake.

Mujukuu wako