Karatasi Mbili ya Koplo Bosko

Jumatatu, 30 Agosti 1976
Mvua tangu asubuhi. Bosko ilikula posho na vichwa ya samaki. Choo nzuri. Mguu ya nyuma bado inauma.
Sajenti Adriko ilinipa hii buku niandike mambo ya mbwa tu. Chakula, choo, ugonjwa. Yeye hapana soma. Basi naandika na mengine.
Bosko iko na cheo. Koplo! Mimi iko konstabo. Mzungu moja ya Kampala ilimpa cheo kwa mchezo, lakini karani iliandika kwa kitabu, sasa ni kweli. Kila asubuhi wenzangu inapiga kelele – Lado, salimia mkubwa yako! Mimi napiga saluti. Bora saluti kuliko kujibu.
Neno yake ya kutafuta ni "siik", ya Kizungu. Mimi nilisikia "siku". Nilisema siku, na Bosko ilienda. Sasa imezoea yangu. Ukisema siku, pua chini, inaenda.

Alhamisi, 2 Septemba
Karatasi imekuja kutoka ofisi ya juu. Mbwa yote yenye imefanya kazi miaka nane – mwisho. Risasi. Kabla ya Uhuru, tarehe tisa mwezi ya kumi.
Hapa Arua miaka nane iko Bosko peke yake.
Sajenti iliweka karatasi chini ya kikombe. Ilisema mwenye mbwa ndio atapiga. Nilisema ndiyo afande. Kila kitu mimi nasema ndiyo afande.

Ijumaa, 3 Septemba
Ilikula. Mimi hapana.

Jumatano, 8 Septemba
Tumerudi sasa hivi kutoka Koboko. 
Asubuhi simu ililia. Stoo ya tumbako imeanguka na mvua, karibu na soko. Watu iko chini. Sajenti ilisema leta mbwa. Karani Nasuru ikacheka – afande, hii ni mbwa ya wezi, nani imeiba stoo? Tukaenda.
Ukuta ya udongo, yote chini, mabati juu. Watu mingi na majembe, kila mtu inachimba kwake, kila mtu inapiga kelele. Mama moja, Mnubi, Hawah, ilikuwa inachimba na sahani. Mtoto yake Rehemah iliingia chini ya baraza kukwepa mvua. Miaka mitano.
Mimi naogopa kusema mbele ya watu. Lakini nilisema – mama, iko nguo yake? Ilinipa kitambaa ya kichwa ya mtoto. Nikampa Bosko inuse. Nikasema polepole, siku.
Pua chini. Ilipanda udongo na ule mguu mbaya. Ilizunguka mara mbili. Halafu ikakwaruza, ikalia. Sajenti ikapiga filimbi, watu yote kimya.
Tukachimba pale. Kwanza mtu mzima! Gustave, Mkongo ya Aru, yule inapitisha vitenge kwa mpaka, Vurra. Bosko ilimlamba uso. Mkongo ilifungua macho, ikasema, "Yezu! Nilifikiri ni malaika. Lakini malaika hainuki hivi!" Halafu ikauliza mzigo yake iko wapi. Watu ikacheka na machozi.
Mtoto ilikuwa chini ya mkono yake. Huyu Gustave iliinama juu yake wakati ukuta inakuja. Rehemah muzima! Bosko ikalamba mashavu, moja, mbili.
Hawah ikashika mtoto, ikalia. Halafu ikaita maji. Mbwa ikilamba, kwao ni kuosha mara saba, moja na udongo. Ilikuwa inaosha na kuhesabu na kulia pamoja. Gustave ikasema, "Mama, huyu mutoto iko udongo yote tayari, hesabu moja imekwisha!" Hawah ilicheka. Lakini iliosha saba.
Mlinzi ya stoo, Bosko ilipata mwisho. Hapo haikulia. Ililala chini tu, mdomo juu ya miguu. Mzee imekwisha kufa. Familia imemchukua, kwao Abuku.
Kucha mbili ya Bosko imetoka. Nimefunga na kitambaa.

Alhamisi, 9 Septemba
Sajenti imesema andika ripoti, wewe ulikuwa pale. Mimi! Darasa ya tatu. Niliandika hivi:
"Koplo Bosko ilipata watu tatu chini ya ukuta. Wawili wazima. Ilichimba na mikono mpaka damu. Imefanya kazi miaka nane, haikuiba, haikulewa. Naomba ofisi isisahau yeye."
Sajenti ilitia sahihi bila kusoma. Nasuru ilipiga mhuri. Imeenda.

Jumamosi, 25 Septemba
Idi. Hawah imetoka Koboko, imekuja hapa Arua, Awindiri, mpaka mlango ya banda ya mbwa, na Rehemah, nguo mpya yote. Ilileta bakuli mpya ya maua mekundu. Ndani wali na nyama. Nyama ya kweli, si mifupa!
Nilisema, mama, nitaosha nirudishe.
"Hapana rudisha. Mbwa ikikula ndani, kwangu haiingii tena. Nilinunua nikijua. Ni yake."
Ilisimama mbali, Bosko ikakula. Rehemah ikasema kwa mama yake, Koplo inakula kama baba. Ikapigwa kidogo.
Rehemah iliniuliza mbwa inaishi miaka mingapi. Nilisema hapana jua.

Jumatatu, 4 Oktoba
Barua! Nasuru ilisoma kwa sauti, ikasimama katikati, ikakaa chini.
Ofisi ya juu inasema Koplo Bosko itapewa medali siku ya Uhuru, kiwanjani, mbele ya mkubwa ya wilaya. Itapandishwa cheo kuwa Sajenti. Ije na viatu safi. Ije na bibi yake.
Bibi yake!
Nasuru ikashika kichwa. "Lado! Wewe hukuandika kama ni mbwa?"
Niliandika vile iko. Kwa Kiswahili ya hapa mtu iko, mbwa iko, meza iko. Wao wenyewe wamesikia mtu.
Sajenti haikucheka. Ilitoa ile karatasi ya kwanza chini ya kikombe, ikaweka pamoja na hii. Moja inasema risasi kabla ya Uhuru. Moja inasema medali siku ya Uhuru. Mhuri moja.

Jumatano, 6 Oktoba
Nasuru inataka tumpeleke konstabo yeyote, isimame, ipokee, kwisha. Mkubwa haijui sura. Mbwa ipigwe risasi kama karatasi inasema, na hakuna mtu itaulizwa.
Sajenti ikaniangalia. "Lado, wewe unasema nini?"
Nilisema ndiyo afande.
"Ndiyo nini?"
Nilisema hapana, afande. Jina ni yake.
Sajenti ikasema mpeleke Bosko basi. Mkubwa ikicheka, mbwa inaishi. Ikikasirika kama tumemfanya mjinga, ni risasi pale pale, na mimi na wewe kazi imekwisha. Utasema mwenyewe, mdomo yako.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimeosha Bosko na sabuni. Nimejaribu maneno mara kumi. "Afande, Koplo Bosko ni mbwa." Maneno tano tu. Bosko ilisikiliza yote.

Jumamosi, 9 Oktoba
Naandika hapa nyuma ya bendi, penseli, buku kwa goti. Jua kali. Wanataja majina.
Hawah iko upande ya wanawake na Rehemah. Gustave imekuja kutoka Aru na koti ya suti! Sajenti Adriko iko mbele, haigeuki.
Wametaja walimu. Wametaja nesi. Nimefunga kamba ya Bosko mara mbili kwa mkono.
"Koplo Bosko!"
Hakuna mtu inatoka. Watu inatafutana na macho. Mimi bado naandika.
"Koplo Bosko!" Mkubwa imeshika spika mwenyewe. Inachekelea, imechoka kungoja. Inasema usione haya bwana, njoo, leo ni siku yako –
Siku. Imesema siku!
Bosko imesimama. Pua chini. Kamba inanivuta mbele, kwa mkubwa