Tunywe, Nyawira?

Awasa, Ethiopia
Jumapili, 15 Agosti 2004

Kwa Tata mpendwa,

Sasa Tata? Huku nimepata saiba ya kukutumia barua pepe. Natumai mgongo umepoa na wateja wa saluni hawakusumbui. Mimi niko mzima, ila jua limenichoma na begi limenichubua mabega. Nimeona makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, nimelala kwa hema kando ya ziwa, na wiki tatu nzima hakuna mtu ameniuliza naolewa lini. Raha!

Mwambie Baba asihangaike. Tiketi ya Jumanne ninayo, ya kwenda Moyale, mpakani. Huko natafuta lori. Jumamosi wageni wa Haron wakifika kwetu Waithaka kuniposa, watanikuta nimeoga.

Mwanao,
Nyawira


Kenyatta Market, Nairobi
Jumatatu, 16 Agosti

Nyawira mwanangu,

Salamu nyingi. Mgongo ni ule ule, wa kusimama kutwa nikisuka vichwa vya watu. Nyokabi mdogo wako hajambo. Baba yako hajambo mwilini, lakini rohoni, wee! Amepaka lango rangi, amekodi hema, na kila anayepita anaambiwa ruracio, sherehe ya mahari, ni Jumamosi, njoo ule. Haron naye alikuja jana kutoka Mountain View na pikapu ya hardware yake, akashusha viti. Aliniuliza tu kama umeandika.

Sasa sikiza. Siku hiyo baba yako atasimama na pembe ya muratina, akuulize mbele ya wazee, "Tunywe?" Ukisema ndiyo, pombe inanyweka na wewe umeposwa. Usipokuweko, atamuuliza nani? Na mimi niliyekulea tangu mama yako, dada yangu, afariki, nitaficha uso wapi? Hilo basi ulipande hata kama ni kwa kuning'inia mlangoni.

Tata yako


Awasa
Jumanne, 17 Agosti

Tata,

Habari za huko? Mimi nina afya ya mwili tu. Nimekosa basi.

Usipige kelele, soma kwanza. Tiketi imeandikwa 12. Nikafika stendi saa sita mchana, begi mgongoni, nimejipanga. Kumbe basi lilitoka alfajiri! Hawa watu huandika saa vile sisi tunavyoitaja: kumi na mbili ni kumi na mbili asubuhi. Na mimi, ninayesema saa kumi na mbili tangu nijue kuongea, nikaisoma Kizungu.

Basi lingine lenye nafasi ni Alhamisi. Nitafika Moyale Ijumaa, na kutoka hapo ni lori za ng'ombe, siku mbili mpaka Isiolo. Jumamosi sitaiwahi. Tafadhali mwambie Baba asogeze siku. Mimi naogopa hata kumpigia simu.

Mwanao,
Nyawira


Kenyatta Market
Alhamisi, 19 Agosti

Nyawira,

Hujambo? Mimi sijambo, lakini nina swali na unijibu ukweli. Ulikosa basi, ama hukulitaka? Mtu mwenye haraka ya nyumbani huuliza saa mara mbili.

Baba yako amekataa kusogeza siku. Ati wazee wa Haron wanatoka Murang'a, mbuzi wameshanunuliwa, na yeye si mtu wa kuchekwa. Si unajua wasichana hufunikwa leso wakapangwa mstari, Haron amtambue wake kwa kumgusa? Basi amesema Nyokabi asimame mahali pako, kwa jina lako. Wale wazee hawakujui sura. Haron amguse Nyokabi, Nyokabi aseme "Kunyweni," mambo yaishe. Jana alimwita Haron akamweleza. Haron aliinamisha kichwa tu. Hakukataa.

Ngai! Nilikaa chini. Hili sijawahi kukwambia, Nyawira. Mimi siku yangu niliulizwa. Nikatazama uani, nikaona mbuzi wamefungwa, akina mama wamepika tangu jana yake, nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sababu ya mbuzi. Unajua ile ndoa ilinifanya nini. Lakini angalau mdomo ulikuwa wangu; wewe wanakuibia hata mdomo, na mimi nimekasirika mpaka nimemchoma mteja na maji moto.

Nipe jibu lako. Nitasimama nalo mbele yao, liwe liwalo.

Tata yako


Moyale
Ijumaa, 20 Agosti

Tata,

Pole kwa haya yote, na pole kwa huyo mteja. Mimi mzima, ila usingizi hakuna.

Umeniuliza ukweli. Nilipoona stendi tupu, nilihisi nafuu. Halafu nikalia. Simchukii Haron. Nilitoka nijue kama nampenda ama nimemzoea, na huku njiani kila nikiona kitu cha kuchekesha, ni yeye nilitaka kumwambia. Jibu lilikuwa limeanza kuja, na lilikuwa zuri.

Lakini mwanamume wa kumgusa dada yangu akijua si mimi, ili wazee wasikasirike, kesho ataniamulia nini kingine? Jibu ni hapana. Simama useme: wasinywe.

Lori yetu inaondoka alfajiri na msafara wa askari, barabara si salama. Hutanipata mpaka Isiolo. Niombee.

Mwanao,
Nyawira


Kenyatta Market
Jumapili, 22 Agosti

Mwanangu,

Uko wapi? Umekula? Redio nimeiweka sikioni tangu jana nikisubiri habari za hiyo barabara.

Barua yako niliisoma Jumamosi asubuhi, nikaichapisha kwa karatasi pale saiba, nikaitia mkobani, nikaenda Waithaka. Wasichana wakapangwa chini ya leso. Nyokabi alivaa viatu vyako vya buluu ili Haron asikosee. Akina mama wanaimba, mimi nimekumbatia mkoba. Haron akapita wa kwanza, akapita wa pili, akasimama kwa Nyokabi. Nikaona baba yako ameanza kutabasamu. Nikafungua zipu.

Haron akampita. Akafika mwisho wa mstari, akageuka, jasho linamtiririka, akasema, "Wazee, mnisamehe. Nyawira hayuko hapa. Nilijua, nikanyamaza, na nimekosea. Nyawira angekuwa ameshacheka chini ya hiyo leso. Mimi sina wa kugusa."

Nilidhani baba yako atamrushia pembe. Kisha nyanya yake Haron, mzee wa kushikwa mkono, akasema, "Basi tule. Kunywa tutangoja." Wakala. Muratina haijaonjwa mpaka sasa, na baba yako hasemi na mtu.

Barua yako sikuitoa. Angemgusa Nyokabi, haki ya Mungu ningepiga nduru isikike Kangemi. Lakini hakuna aliyekunywa, sikuwa na la kuzuia. Haron alinisindikiza hadi steji ya matatu, akaniuliza kama umeandika. Nikasema ndiyo. Hakuuliza umesema nini.

Hapana yako bado iko mkobani mwangu. Ukitaka nimpe, nitampa. Ama uje umpe mwenyewe. Lakini uje, Nyawira. Niandikie hata neno moja nijue uko hai.

Tata yako


Isiolo
Jumatatu, 23 Agosti

Tata,

Niko hai. Natumai sasa utalala. Tulikwama njiani, nina vumbi mpaka kwa meno na nanuka ng'ombe. Mwenye saiba ananiangalia vibaya, maana nimesoma barua yako nikicheka na kulia.

Ile hapana yangu usimpe. Ichane. Na ndiyo pia sina bado, usije ukamdanganya. Basi litanishusha River Road kesho jioni. Mwambie Haron aje, peke yake, nimtazame usoni aniulize mwenyewe.

Na mbuzi, tafadhali, awaache nyumbani.

Mwanao,
Nyawira