Insha Niliyoandika Juu ya Mgomo Wenu

Keroka,
12 Juni 1974

Kwako kaka Abner,

Sisi tu wazima. Majani ya chai yamechipuka vizuri, na dada yetu Nyanchera amejifungua mtoto wa kiume. Mama anakuombea kila Sabato usianguke na ndege.

Kaka, nimekukosea. Mwezi jana ulitueleza kwa barua kwamba ninyi marubani mtagoma mpaka mpewe saa za kutosha za kupumzika. Mwalimu alipotupa insha, "Mtu Ninayemheshimu," nilikuandika wewe. Nilisema ndiwe unayekusanya sahihi za wenzako. Nikawa wa kwanza, insha ikabandikwa ukutani.

Jana chifu alikuja darasani na mgeni wa kutoka Nairobi, mwenye koti. Mgeni aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akaibandua polepole.

"Wewe ndiwe Nyaboke? Unaandika vizuri, msichana. Haya ya sahihi alikuambia mwenyewe?"

Nikasema, "Hapana, mzee. Nilitunga ili nipate alama."

"Basi tutamwuliza yeye," akasema akicheka, akaitia insha mfukoni.

Mama sijamwambia. Barua yako nimeichoma jikoni. Hii ataileta jirani yetu Obadiah kwa mkono, kwa sababu naogopa posta.

Tafadhali ficha karatasi ya sahihi leo hii. Wakija, waambie mdogo wako ni mwongo tangu utotoni. Sema hivyo hivyo, kaka, hata wakiniita mbele yako. Sitalia.

Ni mimi mdogo wako,
Nyaboke