Redio ya Keza Inajisikia Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Juu ya paa la zahanati tena. Nimekaza antena, nimeshuka, nimewasha. Bado. Redio inatakiwa itume na kupokea kwa wakati mmoja, masafa yale yale. Inajisikia yenyewe tu. Sauti ya Daktari Salum kutoka Kasulo inafika dhaifu, inamezwa na tunachotuma sisi.

Jumanne, 4 Machi
Sista Fausta, muuguzi wa hapa, ameniuliza kwa nini najisumbua. Redio ya upepo ya zamani ipo: unabonyeza unasema, unaachia unasikiliza. Nikamwambia ukiwa umebonyeza hakuna anayeweza kukukatiza.
"Na nani anataka kukatizwa?" akasema.
Amenichoka. Na mimi nimejichoka.

Jumatano, 5 Machi
Nimebadili umbo la mawimbi. Kila tunapotuma, mwanzoni kuna kipande kifupi ambacho redio inakijua. Inakitumia kupima mwangwi wake, kisha inauondoa kwenye inachopokea. Mchana ilikubali. Salum akahesabu, nami nikahesabu juu ya sauti yake. Tukasikiana.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Mabati yamelowa, mwangwi umebadilika, kelele zimerudi. Chuoni kwangu wanataka redio na vifaa vyao virudi Jumamosi. Nina hasira. Nimeifanya redio ijipime upya muda wote, si inapowashwa tu. Sijui kama inatosha.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua bado. Asubuhi mama mmoja aliletwa kwa bodaboda, uchungu umeshika. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma likagoma. Damu. Mimi nje ya pazia na kompyuta yangu. Fausta alikuwa akimweleza Salum kupitia kipaza sauti cha ukutani, mikono iko kazini.
"Tumbo bado laini, daktari, kamba ya kitovu nimeishika, sasa navuta na..."
"Usivute, Sista, utatoa kizazi. Sugua tumbo kwanza."
Alikuwa hajamaliza sentensi. Akaacha kuvuta, akasugua. Kondo likatoka lenyewe baadaye, damu ikapungua. Sijawahi kuogopa namna ile.

Jumamosi, 8 Machi
Kumekucha na jua. Nimempigia mwalimu wangu wa chuo, nikamweleza. Vifaa vitabaki kwanza. Mama mkwe wa mzazi amenisalimia kwa Kihangaza, akadhani mimi ni nesi. Sikumsahihisha. Fausta amenimiminia uji, akakaa kando yangu kwenye benchi. Tumekunywa pamoja.