Nitakavyombeba Moraa

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na Moraa wangu. Mnaendeleaje na hii baridi? Goti lako limepunguza kuuma? Mimi huku Kiptere niko salama, na mara hii siandiki salama ya kukutuliza tu. Mgongo umeanza kunisikia.

Nilipokuja Pasaka uliona mwenyewe. Mtoto alininyooshea mikono nimbebe, nikashindwa kuinama, akageuka akakufuata wewe. Ukamweka mgongoni. Nilirudi huku kwa mashamba ya chai nikilia njia yote, Mama. Nilijiambia basi, huyo sasa ni mtoto wa nyanya yake.

Daktari wa hapa akanipeleka kwa mama mmoja wa mazoezi. Nilidhani atanipa dawa ya kupaka. Akaweka ufagio chini, akasema, "Okota nione." Nikaokota vile ulinifundisha, miguu imenyooka, kiuno kimekunjwa, vile msichana mwenye adabu anafagia mbele ya wakwe. Akacheka sana. "Mgongo wako haujavunjika," akaniambia. "Lakini unaufanyisha kazi ya miguu, na miguu inakaa bure."

Kwa hivyo najifunza upya, mtu mzima mimi. Asubuhi nageukia ubavu kwanza, nateremsha miguu, ndipo naketi. Nikichuna majani sijivuti kufikia yale ya mbali, nasogea mimi mwenyewe. Kikapu kikijaa, napiga goti moja, nakikumbatia kwa tumbo, halafu miguu ndiyo inaniinua.

Siku ya kwanza kufanya hivyo kwa mizani, nyapara alinikuta nimepiga goti, kichwa chini, macho nimefunga kwa woga wa maumivu. Akavua kofia. Wachunaji wote wakanyamaza, hata anayepima akaacha kupima. Chebet, jirani yangu hapa kambini, akaninong'oneza, "Maliza basi, mvua inakuja." Nikasema amina, ningefanyaje? Tangu hapo wananiita Mama Maombi.

Uchungu haujaisha wote. Nikisahau nikainama ile ya zamani, naujua usiku. Lakini siuogopi kama kwanza, na silali tena kutwa nzima nikiungoja uondoke.

Jioni natia viazi kwa gunia, nakisia uzito wa Moraa, nabeba kutoka mlangoni hadi kitandani. Chebet huniuliza kama mtoto amelala. Nacheka, lakini hilo gunia nalishika polepole, Mama, wala silitupi.

Na wewe nakuomba. Huwa unashika ukuta ukitoka jikoni, unadhani sioni. Ufungie ufagio wako mpini mrefu. Watu wakisema umekuwa mvivu, waache waseme.

Nisalimie kaka yangu na bibi yake, shangazi wa ndizi pale sokoni, na mzee wa kanisa aliyeniombea huo mgongo. Mwambie amesikiwa, ila jibu limekuja na mazoezi.

Krismasi nakuja. Usimwahidi mtoto kitu, na usimsukume kwangu. Ukiniona nimepiga goti hapo uani, usikimbie kuniinua, sijaanguka. Mwache tu aje mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Kerubo